Mwanamke Akikimbia Alfajiri

Naandika haya kwa ajili yako wewe uliyekaa kwenye benchi ukisubiri sindano ya kifua kikuu, ukijifanya unasoma tangazo la ukutani ili usiangaliane na mwenzako. Nililikalia benchi hilo. Najua mbao zake zilivyo baridi asubuhi ya Njombe, na najua kwamba kila anayekuja huacha nafasi ya mtu mmoja kati yake na mwenziwe, kana kwamba tunaweza kuambukizana ugonjwa ambao wote tunao tayari.

Mtaani naitwa Mama Faraja. Ni fundi cherehani, mtaa wa Ramadhani, ni mwepesi wa maneno, na tangu utoto sipendi kuhurumiwa. Nilianza kuugua miaka ile mitumba ilipoanza kumiminika. Jana yake tulikuwa tunapanga foleni ya sabuni, leo maduka yamejaa na marobota ya nguo yanafunguliwa sokoni. Wanawake waliokuwa radhi kungoja gauni langu wiki mbili wakawa wananunua la Ulaya siku hiyo hiyo. Kwa hiyo nilipoanza kukohoa wakati wa baridi nilisema ni vumbi la vitambaa. Baadaye nikasema ni hasira. Nilikonda mpaka pete ya ndoa ikawa inachomoka nikifua, nikaizungushia uzi ili ikae. Mvua za kwanza zilinikuta bado nakohoa, na siku moja nikatema damu juu ya kitambaa cha mteja. Nilikichoma moto, nikamwambia mwenyewe kwamba panya wamekikata. Kesho yake nikaenda hospitali.

Habari haikuchelewa kufika mtaani. Wateja walikuja mmoja mmoja kuchukua vitambaa vyao kabla sijavishona, kila mtu na sababu yake nzuri. Wengine walisema nina mdudu wa ukimwi, maana miaka ile kila aliyekonda alikuwa na mdudu. Nilipimwa, sikuwa naye. Lakini nakwambia wewe usomaye, hata kama unaye, benchi ni lile lile na sindano ni ile ile, kaa tu.

Sindano zilikuwa za kila siku kwa miezi miwili, na mimi nikaacha kuhesabu tarehe, nikahesabu sindano. Kabla hata ya sindano, vidonge vya kwanza viligeuza mkojo ukawa mwekundu, nikatoka chooni kumwita nesi. Akacheka. "Hiyo ni dawa, mama. Ungekuwa wa kawaida ndiyo ungeniita." Kwenye sindano ya kumi na kitu nilikuwa nakaa upande mmoja kila ninapokaa. Kwenye ya arobaini masikio yakaanza kulia na barabara ikawa inayumba chini ya miguu yangu, nikawa nashika kuta za watu njiani. Walevi wa ulanzi walinisalimia kwa furaha, wakidhani nimejiunga nao.

Faraja, binti yangu wa pekee, alikuwa na miaka mitatu. Nilipokuwa kwenye sindano ya tatu mama mkwe alikuja kutoka Makambako. Mama huyu alikuwa amemzika kifungua mimba wake kwa kifua, zamani. Hakuniuliza. Alimfunga Faraja mgongoni kwa kitenge, akasimama mlangoni bila kuingia, akaniambia, "Mwanangu, usije karibu. Muage kutoka hapo hapo." Hata nesi alisema kwa siku hizo za mwanzo ni busara. Faraja alinipungia mkono akidhani wanakwenda sokoni.

Mume wangu alikuwa karani wa ushirika mpaka alipopunguzwa kazini, na sasa alikuwa anauza viatu vya mitumba, siku nyingine Makambako, siku nyingine Njombe. Hakunikimbia. Aliniletea maini na maziwa. Ila alihamisha godoro lake sebuleni, akasema ni kwa sababu ya kelele za kikohozi, na kikombe chake kikahamia rafu ya juu kabisa, peke yake. Aliniwekea maziwa mezani na kuondoka kabla sijakaa. Hata kikohozi kilipokwisha, godoro lilibaki sebuleni. Nilikuwa na hasira naye kuliko niliyokuwa nayo na ugonjwa wenyewe, na sikusema kitu, jambo ambalo si desturi yangu.

Mtu mmoja tu aliendelea kuingia ndani. Alikuwa jirani yangu Mama Zena, mtu wa Kondoa kwa asili, ambaye mumewe ana lori la kubeba mbao za Kifanya kwenda Makambako. Alikuwa anakuja, anakaa kitandani kwangu, anachukua kikombe changu na kukimaliza. Siku moja nikamwambia, "Utaambukizwa wewe." Akasema, "Chai yangu imepoa. Yako ina moto." Sijawahi kumshukuru kwa hilo. Namshukuru hapa.

Sindano zikaisha, vikabaki vidonge. Mwezi wa sita wa dawa, mvua zikikaribia kukatika, nilijiona mzima, nikapanda lori la Baba Zena kwenda Makambako kumchukua mwanangu. Nyumba ya mama mkwe iko ng'ambo ya reli, si mbali hata kidogo na pale lori liliposimama. Nilipofika mlangoni sikuweza kubisha hodi. Nilishika mwimo wa mlango nikafungua mdomo, na hakikutoka kitu ila kuhema.

Mama mkwe alinikalisha kwenye kigoda, akaweka sikio lake mgongoni mwangu, kati ya mabega, akasikiliza kwa muda mrefu.

"Kinapiga filimbi," alisema.

Faraja alikuwa uani anacheza na wenzake. Alipojikwaa na kuanguka alilia "mama", nami nikainuka, lakini alikuwa anamwita bibi yake.

"Nimekuja kumchukua, mama," nilisema.

Mama mkwe hakukasirika. Alikuwa anachambua mchele, akaendelea kuchambua. "Sijakunyima mtoto, mwanangu. Lakini huyu si yule niliyemchukua. Huyu anakimbia. Akisikia honi ya treni hunikuti naye, yuko relini. Baba yake anashinda minadani. Wewe hodi tu imekushinda. Akikimbilia barabarani huko kwenu, nani atamshika?" Akapuliza makapi. "Siku utakapoweza kumkimbilia, njoo umchukue. Hata usinitumie habari, njoo tu."

Nilirudi Njombe bila mtoto. Ningependa kusema nilimwelewa. Sikumwelewa, nilimchukia njia nzima.

Mwishoni mwa vidonge nesi alipiga muhuri kwenye kadi yangu, akasema nimepona. Nikamuuliza mbona nahema nikiinua ndoo. Akasema mapafu yamebaki na makovu, yamezoea uvivu, niyafanyishe kazi. "Tembea kwanza. Halafu kimbia kidogo, utembee, ukimbie tena."

Raba nilizipata kwenye gunia la mume wangu. Zilikuwa za mitumba ambazo hazikuuzika, kwa sababu ya kushoto na ya kulia hazikuwa ndugu, moja nyeupe ya mstari wa bluu, nyingine ya kijivu. Nilizichukua bila kumwambia. Asubuhi moja ya mwezi wa saba niliondoka alfajiri, majani yakiwa yameganda umande mweupe na ukungu umelala barabarani. Nilichagua saa hiyo ili nisionekane. Nilivaa suruali ya mume wangu, juu nikajifunga kitenge, maana miaka ile mwanamke wa kwetu hakutoka na suruali tupu. Nikaanza kukimbia.

Nilikuwa nimesahau jambo ambalo kwetu kila mtu analijua. Mwanamke mtu mzima hakimbii. Watoto wa shule hukimbia mchakamchaka, na mwizi hukimbia. Lakini mama aliyejifunga kitenge akipita mbio alfajiri, maana yake ni moja. Kuna mtu amekufa, na yeye anawahi kuwaambia ndugu.

Mama Zena alikuwa anafagia mbele ya nyumba yake. "Kamwene, Mama Faraja," alisema, maana Kibena chake kilikuwa kimefikia hapo hapo. Kisha akanitazama vizuri. "Kuna nini?"

Nilikuwa nimefika nguzo ya umeme ya kwanza tu na pumzi yote imekwisha. Nilipunga mkono, nikaendelea. Macho yalikuwa yananichuruzika kwa baridi. Nyuma yangu nilisikia ufagio ukianguka, sikugeuka.

Nguzo ya tatu ilinishinda. Nilikaa juu ya jiwe mpaka kichwa kilipotulia, kisha nikarudi taratibu kwa njia ya bondeni, kupitia kwenye mashamba ya viazi. Nikiwa bado huko chini nikasikia vilio. Nikasema, maskini, kuna msiba mtaani. Nikakaza kitenge changu na kuongeza mwendo, kama inavyotakiwa.

Msiba ulikuwa kwangu.

Uani pangu kulikuwa na kuni zimerundikwa. Sufuria kubwa ilikuwa imeshainjikwa kwenye mafiga. Wanawake walikuwa wamekaa kwenye mkeka miguu wameinyoosha, na mtu alikuwa ameshaleta debe la viazi. Mama Zena ndiye aliyekuwa analia kuliko wote. "Faraja wetu," alikuwa anasema, "Faraja wetu, hata kumuona hatukumuona." Walikuwa wameamua, kwa jinsi nilivyopita, kwamba habari imetoka Makambako.

Na mume wangu alikuwa amekaa kizingitini, pekupeku, amejifunika blanketi, wanaume wawili wamemshika mabega. Vilio ndivyo vilivyomwamsha. Alikuwa ameingia chumbani kunitazama, akakuta kitanda kitupu na shuka limepoa. Alipotoka nje watu walimkumbatia, wakamwambia pole, jikaze, na yeye hakuuliza nani amekufa. Walikuwa wanamlilia mtoto, yeye alikuwa ananililia mimi.

Aliponiona nimesimama penye mchongoma aliinuka, blanketi likabaki chini. Huyu mtu ambaye kwa miezi minane hakugusa kikombe nilichokigusa, alinishika uso kwa mikono yote miwili, kisha akaweka uso wake shingoni mwangu akalia mbele ya mtaa mzima.

"Nilijua umekwenda kufia nje," alisema. "Ili usinisumbue."

"Nilikuwa nafanya mazoezi," nilisema.

Vilio vilikatika. Mtu mmoja akacheka, akajiziba mdomo kwa kanga.

"Mazoezi?" Mama Zena alisimama. "Mimi nimelia mpaka koo limekauka, nimegonga milango sita, Mama Ester ameacha mtoto hajanyonya, wewe unafanya mazoezi?" Kisha sauti ikabadilika. "Kwa hiyo Faraja mzima?"

"Mzima. Yuko kwa bibi yake."

"Basi maji yameshachemka," alisema, akakaa chini kwa kishindo. "Leteni majani ya chai."

Tulikunywa chai ya msiba usio na maiti, tukachemsha na vile viazi. Na kwa kuwa watu walikuwa wamekwisha kulia kwa ajili yangu, sikuona tena sababu ya kujificha. Niliwaambia maneno ya mama mkwe, yote, pamoja na filimbi. Mume wangu alikuwa anayasikia kwa mara ya kwanza, maana yeye nilikuwa nimemwambia sikumleta mtoto kwa sababu ana mafua. Alinywa chai yake, na nilipotazama nikaona ameshika kikombe changu.

Ni Mama Zena aliyetoa hukumu. "Mtu mmoja akikimbia ni msiba," alisema. "Wengi wakikimbia wanaimba, huo ni mchakamchaka, hakuna atakayeuliza. Kesho tunakuja."

Walikuja sita. Hakuna aliyekuwa na raba isipokuwa mimi mwenye raba mbili tofauti. Wengine walikimbia na ndala, Mama Ester na viatu vya plastiki. Sote tulikuwa tumepita shule ya msingi enzi za mchakamchaka, na miguu ilikumbuka haraka kuliko vichwa. Tulikubaliana kukimbia nguzo moja na kutembea mbili. Mama Zena aliongoza, na wimbo alitunga mwenyewe papo hapo, bila aibu yoyote.

"Mama Faraja?"

"Yupo."

"Pumzi yake?"

"Inakuja."

Sikuwa naitikia. Pumzi inayokuja tu haitoshi kuimba. Siku za kwanza nilikuwa wa mwisho kila mara, nao walikuwa wakifika nguzoni wanapiga hatua pale pale, wananingoja bila kunitazama, kwa sababu niliwaambia atakayenitazama kwa huruma simshonei tena. Mama Ester alisema hata hivyo sishoni. Hilo lilinichekesha mpaka nikakohoa. Ndani ya mwezi mmoja tukawa tunakimbia nguzo mbili na kutembea moja. Waliokuwa wanasimama mlangoni na vikombe vyao kutucheka wakaanza kutusalimia, na wawili wakajiunga. Vitambaa navyo vikaanza kurudi. Mtu aliyekuona unakimbia kila asubuhi anaona aibu kukwambia unakufa.

Halafu, mwezi wa nane ukiisha, kikohozi kilirudi. Kikavu, cha asubuhi. Nilinyamaza siku nne. Siku ya tano Mama Zena alisimamisha kundi zima katikati ya nguzo. "Unakohoa kwa kujificha," alisema. "Twende."

Nilitoa makohozi kwenye vile vikopo vidogo, asubuhi tatu mfululizo, na siku ya majibu nikaenda kukaa kwenye benchi lile. Niliogopa kuliko mara ya kwanza, kwa sababu mara ya kwanza sikujua. Niliwaza sindano, niliwaza masikio, niliwaza Faraja akifikisha miaka mitano na akiita mwingine mama. Nilikuwa nimeacha nafasi ya mtu mmoja kulia kwangu na nafasi ya mtu mmoja kushoto. Mlango ukafunguliwa wakaingia wote, na vitenge vyao vya mazoezi na jasho, wakakaa. Mama Zena kulia, Mama Ester kushoto, wengine wakasogeleana mpaka mgonjwa wa pembeni kabisa, kijana mmoja wa Matamba aliyekuwa ameinama peke yake, akajikuta naye amebanwa bega kwa bega. Alituangalia kama tumechanganyikiwa. Baadaye nikamuona anatabasamu.

Majibu yalikuwa safi. Ilikuwa baridi tu, alisema nesi, nifunge shingo nikikimbia. Jioni hiyo nilikuta godoro la sebuleni limesimamishwa ukutani. Mume wangu alisema linapata unyevu pale chini. Nilimwambia ni kweli, linapata unyevu.

Mwezi wa kumi, kabla ya mvua, tulikuwa tunakimbia kutoka kwa Mama Zena mpaka darajani bila kutembea. Siku moja nilifika darajani nikagundua nilikuwa naitikia wimbo. Nilimwambia Mama Zena amwambie mumewe aniwekee nafasi kwenye lori.

Tulikwenda mimi, mume wangu na Mama Zena. Sikutuma habari, kama nilivyoambiwa. Mlangoni nilibisha hodi mara tatu, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Mama mkwe alitukaribisha. Akamwita Faraja.

Alikuwa amekua. Alisimama nyuma ya kitenge cha bibi yake, akanitazama kuanzia kichwani mpaka kwenye raba, akasema, "Shikamoo." Kama anavyomsalimia mgeni yeyote.

Niliitika marahaba. Sikuweza kusema zaidi, na safari hii haikuwa kwa sababu ya kifua.

Tulikuwa bado tunakunywa maji treni ilipopiga honi. Sikuona hata alivyotoka. Niliona kitenge cha mama mkwe kikitikisika, na Faraja hayupo, na uani watoto wanapiga kelele kuelekea relini. Mama mkwe alishika goti kujaribu kuinuka, akasema, "Shika," akiwa hamwambii mtu yeyote.

Nilikuwa nimeshatoka. Kitenge changu kilianguka mlangoni, nikabaki na suruali ya mume wangu mbele ya Makambako nzima. Faraja alikuwa mbali, kigauni cha manjano, mbele ya wenzake wote, na mbele yake tuta la reli. Hapakuwa na nguzo za kuhesabu. Nilipita wenye mikokoteni, nikawapita wafanyabiashara waliokuwa barazani na kofia zao wakiuliza nani amekufa, na nilikuwa na pumzi ya kuwajibu, "Hakuna." Nilimfikia chini ya tuta. Nilimdaka kiunoni nikamwinua juu, treni ya mizigo ikapita mbele yetu behewa baada ya behewa, na ardhi ikatetemeka.

Nilidhani atalia. Alikuwa anacheka.

"Bibi hajawahi kunishika," alisema.

"Mimi nimekushika."

Alifikiri. "Tena," akasema.

Tulikimbizana kurudi mpaka nyumbani. Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni. Alinigeuza, akaweka sikio lake mgongoni, pale pale kati ya mabega, nami moyo ukiwa unapiga kama ngoma. Alisikiliza muda mrefu hata Mama Zena akaacha kuongea. Alipoinua kichwa macho yake yalikuwa mekundu.

"Yule wangu wa kwanza," alisema, "kifua chake kilipiga filimbi mpaka mwisho." Ndipo nilipomwelewa, na ile chuki niliyotoka nayo siku ile sikuiona tena. Kisha akaingia ndani akatoka na kifurushi cha nguo za Faraja, kimefungwa vizuri na kamba iliyokwisha kushika vumbi. "Mchukue. Mimi mbio zake siziwezi. Nilikuwa nangoja mwenye kuziweza."

Tulirudi kwenye lori la Baba Zena, mimi nimekaa mbele na mtoto mapajani. Kabla hatujatoka Makambako alikuwa ameniuliza kwa nini raba zangu hazifanani. Baada ya hapo akachoka. Alizungusha mikono shingoni kwangu, akalaza kichwa kifuani, mahali pale pale nilipokatazwa kumweka, akalala. Nikavuta pumzi taratibu, kubwa, mpaka mwisho, ili asiamke.